Kimo cha Chenge

Asubuhi ambayo Malimi alileta televisheni nyumbani, jirani yake Chenge, fundi cherehani, alikuwa kibarazani kwake, mtaa wa Kirumba kando ya ziwa, akitia vifungo kwenye sare za shule. Aliacha kazi akaenda kumshikia ngazi wakati wa kusimika antena. Aliporudi kwenye cherehani, miguu yake haikufikia pedali.

"Umepungua," alisema mkewe, Wilhelmina, akimpa uji.

"Kidogo tu."

Wilhelmina akafunga vipande vya mbao kwenye pedali, kazi ikaendelea.

Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimefunguliwa, na Malimi, aliyekuwa muuza mkaa, alikuwa amenunua mtumbwi wa injini. Alipoipaka nyumba yake rangi, Chenge alipungua tena, akawa sawa na binti yake Ng'washi wa darasa la tano. Mganga wa zahanati alimpima, akasema wanaume wengi wa Kirumba wana shida hiyo tangu biashara binafsi ziruhusiwe. Akamshauri ajenge ukuta mrefu upande wa jirani.

Chenge aliona heri auze cherehani, anunue mtumbwi.

"Tunakula, mtoto anasoma," alisema Wilhelmina. "Tumepungukiwa nini?"

"Urefu."

"Mbona mimi niko vilevile?"

"Wewe huangalii upande ule."

Cherehani ikauzwa, ukapatikana mtumbwi uliochakaa na nyavu za kuungaunga. Siku ya kwanza wavuvi wa ufukwe wa Mwaloni walimwambia ziwa limechafuka. Mitumbwi yao walikuwa wameivuta mchangani. Chenge alikubaliana nao kabisa. Kisha akamwona Malimi anawasha injini, naye akausukuma mtumbwi wake majini.

Dhoruba ilichukua mitumbwi yote miwili. Boti ya mizigo iliwaokota wakiwa wameng'ang'ania dumu moja. Kabla ya kufika gatini Chenge alikuwa amerudia kimo chake chote, magoti yakimbana Malimi ubavuni, na alijisikia vizuri kuliko siku nyingi zilizopita.

Wiki iliyofuata Malimi aliuza televisheni kwa mtu wa Igoma. Chenge alimshikia ngazi wakati wa kushusha antena, ingawa sasa angeweza kuifikia bila shida.

Jioni hiyo Wilhelmina alirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu, akamkuta mumewe amesimama uani, amenyooka, anachungulia ng'ambo ya ua.

"Baba Ng'washi, leo tunakula nini?"

"Kwa Malimi nao hawajawasha moto," alisema Chenge, akainama asijigonge mlangoni, akaingia ndani akipiga mluzi.