Programu Iliyonyamaza

Simu ya Kipngeno wa Soin ilimkuta Nelvine kwenye ofisi ya ambulensi, Litein, chai yake haijapoa.

"Ambulensi yenu iko wapi? Mke wangu ana uchungu, anatoka damu. Nilituma ujumbe mapema."

Nelvine alitazama skrini. Kila alama ilikuwa ya kijani, yaani kila kitu sawa.

"Iko njiani, baba. Subiri hapo hapo."

Kipngeno alisubiri. Alipopiga tena, ndipo Nelvine alipompigia dereva. Dereva alikuwa bado stendi, hajapokea ujumbe wowote.

Nelvine akamwelekeza Soin mara moja, kisha akageukia mfumo. Mfumo wao ulikuwa na programu mbili zilizokaa ndani ya podi moja, yaani kasha moja la programu, kwenye seva. Moja, ya lugha ya kompyuta iitwayo Java, iliandikwa na Kebaso, mwenzake. Hiyo ilipokea ujumbe wa wagonjwa. Ya pili, ya lugha nyingine, Python, aliiandika Nelvine mwenyewe. Hiyo ilimpelekea dereva ujumbe huo. Kifaa cha kuzichunga, cha kutoa onyo moja ikikwama, kiliwekwa na Weldon, mkubwa wao. Nelvine alifungua maagizo ya kifaa hicho, akaona kosa. Weldon alikuwa ameagiza podi ichungwe kwa Java, basi, bila kutaja kila programu kwa jina na lugha yake. Kifaa kikashika ile ya kwanza tu, na ndiyo iliyoonyesha kijani kwenye skrini. Ya pili ilikuwa imekwama tangu jana, na hakuna aliyeona.

Dereva alikwenda mbio, lakini akakuta Kipngeno ameshampakia mkewe, Janeffer, kwenye bodaboda. Hospitalini Janeffer aliokolewa. Mtoto alizaliwa amekufa.

Kesho yake Weldon aliwaita Nelvine na Kebaso. "Tutasema network ilikuwa chini. Soin network husumbua, kila mtu anajua."

"Nimeshaongeza ulinzi wa Python," Nelvine alisema. "Sasa zote mbili zinaonekana. Lakini network ilikuwa sawa, boss. Ujumbe wa Kipngeno ulifika kwetu, ukalala hapa."

"Unataka tufunge ofisi?"

Nelvine alichukua koti akatoka, na Kebaso hakumfuata.

Kule Soin, Kipngeno alimpokea uani kwa adabu, akampa kiti. Nelvine alimweleza yote bila kupambapamba: programu mbili, kifaa kilichochunga moja, ujumbe uliokwama.

Kipngeno hakuuliza habari za programu. "Uliniambia iko njiani," alisema.

"Nilikuambia."

"Bodaboda ya jirani ilikuwa hapa nje. Nikamwambia jirani aende kazi zake, kwa sababu yako; nyingine niliipata baadaye."

Nelvine alilia. Kipngeno alimwacha alie, hakumbembeleza, hakumfukuza.

"Janeffer anaamini ni mimi nilichelewa," alisema mwishowe. "Tangu jana hataki kuniangalia. Yumo ndani, wamemruhusu leo asubuhi. Ingia umwambie wewe."

Nelvine alijifuta uso, akavua viatu vyenye matope mlangoni, akabisha hodi.