Dola Isiyocheza Chini ya Taa

Orville Stuckey amekalia kiti cha taa miaka thelathini na nane, na katika chama chetu cha wakusanya sarafu kiti hicho kina heshima kuliko cha mchungaji anayetuazima chumba cha chini ya kanisa. Unaleta dola yako ya fedha, unailaza juu ya kitambaa cha mahameli, Orville anaishika ukingoni kwa vidole viwili kama ameshika kifaranga, kisha anatamka alama ya ubora wake. Hamsini na tano. Sitini na tatu. Akishatamka basi, hata aliyejiona ameonewa atakunja mdomo anywe kahawa yake. Alama ya juu kabisa ni sabini, na hiyo Orville hajawahi kuitoa. Mimi husema hata marehemu mkewe aliambulia sitini na nane.

Mwaka jana mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Binti yake akamnyang'anya funguo za gari. Mzee akaanza kumimina kahawa nje ya kikombe, na sisi tukawa tunapangusa meza kimyakimya. Ila Duane Pruitt hakunyamaza. Duane ana miaka hamsini na sita, kwetu sisi ni kijana, na lensi yake ya bei mbaya inamning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe.

"Mzee Orville, usinielewe vibaya," akasema mbele ya watu wote. "Mtu asiyeona kikombe ataonaje shavu la bibi wa kwenye dola?"

"Kikombe haking'ai, kijana. Kingekuwa kinang'aa ningekiona."

Tulicheka, lakini neno lilishatoka. Wakakubaliana Jumanne inayofuata iletwe dola moja ambayo wote wawili hawajawahi kuiona. Orville akikosea, atampisha Duane kwenye taa. Hapo hakuna aliyecheka. Mke hana, gari hana; kilichombakia mzee yule ni taa ile.

Sasa nani ataleta dola? Macho yote yakanigeukia. Walijua marehemu mume wangu Clete aliacha dola ya mwaka 1881, ya kiwanda cha San Francisco, ambayo hakumwonyesha mtu hata siku moja.

Walichokuwa hawajui ni sababu. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu niliikuta kwenye droo ya Clete, nikaona imefifia, na mimi bibi harusi nataka sifa. Nikaisugua kwa magadi na kitambaa cha vyombo mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Clete aliporudi akaiangalia, akakaa kwenye ngazi ya mlango, chakula hakugusa. Baadaye akasema, "Wilda, umemwosha bibi wa watu mpaka umemchubua." Akaitia kwenye bahasha, na hakulitaja tena hadi anakufa. Miaka arobaini na tisa. Humo kwenye karatasi ile dola ikapata rangi, zambarau na dhahabu pembeni, nzuri ajabu, ikafunika dhambi yangu yote. Na mimi ndiye ninayesimama mlangoni pale chamani kuwaonya wageni: sarafu haioshwi, ukiiosha umeiua!

Niliipeleka. Nusu uchokozi, nusu nilitaka kujua kama yupo mtu duniani wa kunikamata.

Duane alianza. Akaipekua kwa lensi robo saa nzima, akaandika kwenye karatasi: sitini na tano. "Nywele juu ya sikio zote zipo. Kifua cha ndege tai upande wa pili hakijalika. Na hiyo rangi, jamani!"

Orville akaomba taa za darini zizimwe, ibaki yake tu. Dola ambayo haijaharibiwa, ukiiinamisha chini ya taa, mwanga unacheza usoni mwake, unazunguka kama njiti za gurudumu. Orville akaiinamisha kushoto, kulia, tena kushoto, taratibu. Uso wake ukasawijika.

"Haichezi," akasema. "Dola za San Francisco za mwaka huu zinacheza kuliko zote. Hii imesimama. Nywele sizioni, Duane, umesema kweli. Lakini mwanga nauona. Hii imeoshwa. Imesuguliwa kwa mduara, na mtu aliyezoea sufuria. Siipi alama."

Clete mwenyewe asingeyasema vizuri zaidi.

"Mistari ya kusugua?" Duane akacheka. "Nimeiona, mzee. Ni ya kiwandani, walipokuwa wanang'arisha chapa ya kupigia sarafu. Wewe unabahatisha."

Orville angebisha vipi? Kuonyesha mstari kunataka macho. Akailaza dola juu ya mahameli, katikati kabisa bila kupapasa, akaanza kutafuta fimbo yake. Watu wakawa wanaangalia saa.

"Kaa chini, Orville," nikasema. "Nimeisugua mimi."

"Wewe, Bi Wilda?"

"Mimi. Magadi na kitambaa cha vyombo, wiki ya kwanza ya ndoa. Kwa mduara. Mkono wenyewe huu hapa."

Halafu Verla, mweka hazina wetu, akapasua sauti: "Mwanamke wewe! Si wewe uliyenisema mlangoni mpaka nikalia, kisa nimepangusa robo dola na fulana?"

"Ndimi. Nilijua ninachokisema."

Walicheka mpaka mchungaji akachungulia. Duane hakucheka. Aliichukua dola, akaiinamisha chini ya taa, huku na huku, muda mrefu. Kisha akaivua lensi shingoni, akaiweka mezani. "Mzee, nionyeshe hiyo inayocheza."

"Vuta kiti," Orville akasema, akatoa ya kwake mfukoni.

Wakati wa kuondoka nilikuwa namvisha koti. Akauliza kwa sauti ya chini, "Clete alijua?"

"Siku ileile. Na hakunisema kwa mtu."

"Huyo ningempa sitini na tisa."

"Na mimi je?"

Akanishika kidevu kwa vidole viwili, ukingoni, akanigeuza chini ya taa kushoto, kulia, tena kushoto.

"Hii imesuguliwa sana," akasema. "Lakini bado inacheza."

Alama hakutaja, mzee mchoyo yule.