Mkabidhi Asiyekabidhi

Usiku wa jana niliota vidole vyangu vimeota maandishi. Cha shahada kimeandikwa FUTA, cha kati ZUIA, na gumba FUNGA NA FUNGUA.

Sikushangaa. Kwenye Kamusi ya Tungo, kamusi ya mtandaoni tunayoiandika bure watu wa kujitolea, mimi ndiye mkabidhi pekee. Ninafuta kurasa, ninazifunga zisichezewe, na nikitaka ninaweza kumpa mwingine uwezo huo. Hilo la mwisho sijawahi kulifanya. Ushairi nilijifundisha mwenyewe, bila mwalimu, na sikuona wa kumwachia.

Humo ndotoni natembea katika mtaa wa kurasa. Kila ukurasa ni nyumba, na kila nyumba ina kufuli langu. Nje ya nyumba ya marehemu Sudi Mshihiri, mtunzi, wamesimama watu wa hitima na masinia ya pilau. Hawawezi kuingia. Mbele yao yuko Mwanakheri, binti wa marehemu, mwandishi mwenzangu wa kamusi.

Akanieleza bila kupandisha sauti kwamba mtu aliingia akaandika ukutani, kwa masizi, kuwa baba yake aliiba mashairi. Hapo ndipo mimi nilipokuja mbio kuulinda ukurasa, nikaufunga.

"Umeulinda kweli, kaka Shekue," akasema. "Umefunga mlango na tusi limo ndani."

Nikachungulia dirishani. Limo.

Mtaa ukawa stesheni ya treni. Wasomaji wanashuka, wanapita dirishani, kila mmoja anachota neno "mwizi", analitia mfukoni na kurudi nalo kwao. Watu wa hitima wanawapisha kwa adabu.

Nikaweka gumba kwenye kufuli. Kufuli likakohoa, likauliza mimi nani.

"Mkabidhi."

"Umemkabidhi nani, nini?"

"Bado."

"Basi wewe si mkabidhi," likasema kwa upole. "Wewe ni mshikaji tu."

Mzee mmoja wa hitima akasema mshikaji asogee ale pilau, isije ikapoa. Wenzake wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani.

Nikalighania kufuli ubeti nilioutunga papo hapo, wa kuliamuru lifunguke. Lilisikiliza mpaka mwisho. Likasema mizani imetimia, ila kina cha kati kimeteleza kwenye mshororo wa tatu. Kisha likajikaza zaidi.

Treni nyingine inaingia. Imejaa.

"Nipe mimi," akasema Mwanakheri.

"Na ukikosea?"

"Nitakosea. Kwani wewe hukukosea?"

Wasomaji walikuwa wameshaanza kushuka. Nikaliuliza kufuli uwezo unatolewaje. Likasema jina langu la kazi linaeleza lenyewe. Nikalivuta gumba. Likachomoka kama kizibo cha chupa, bila damu wala maumivu, nikaliweka kwenye kiganja cha Mwanakheri.

Mlango ukafunguka kabla hajaugusa. Akaingia, akavua mtandio, akaufuta ukuta taratibu mpaka ukawa mweupe. Kule kwenye treni wasomaji wakapapasa mifuko yao, wakakuta mitupu. Watu wa hitima wakaingia na kisomo kikaanza. Hakuna aliyenishukuru. Mimi nilibaki mlangoni nimeshika sinia la mtu, na kwa mara ya kwanza nikasikia nyumba ile ikisomewa dua.

Nikaamka kumekucha. Simu ilikuwa juu ya kabati, nilipoiacha. Nikaigusa kwa gumba ifunguke, kama kila siku. Ikakataa. Nikalipangusa gumba kwenye shuka, nikajaribu tena. Ikakataa.

Nikaifungua kwa namba za siri, nikaenda kwenye kamusi. Ukurasa wa marehemu Sudi ni safi. Chini yake pameandikwa kuwa aliyeusafisha na kuufunga upya ni Mwanakheri, mkabidhi.

Ujumbe wake ulikuwa unanisubiri: "Asante, kaka. Gumba nitalitunza. Ila ule mshororo wa tatu, rekebisha kina."