Kipimo cha Mwisho cha Lulu

Vaileth hakuuliza. Kuuliza si ujinga, wote tunalijua hilo, lakini binti aliyetoka chuoni na cheti chake cha kompyuta, leo amuulize Bi Sihaba, mhudumu wa afya anayebofya kwa kidole kimoja?

Zahanati yao pale Dunda ilikuwa imepata kompyuta mwezi ule ule. Bi Sihaba, ambaye hupita nyumba kwa nyumba akiwapima wajawazito presha, alikaa siku tatu akiingiza daftari lake la miezi sita. Ndani ya kompyuta kulikuwa na jedwali la majina ya kina mama na jedwali la vipimo. Kazi ya Vaileth ilikuwa kuyaunganisha, kila jina lipate kipimo chake cha mwisho. Mwenye presha ya kutisha, simu yake ipokee ujumbe wa kumwita. Mama mmoja ana vipimo vitano. Cha mwisho ni kipi? Vaileth alichukua kile kilichoingizwa mwisho, akaridhika.

Ijumaa, Lulu, mke wa Hamidu, mimba ya miezi minane, alianguka kwa kifafa cha mimba. Jumamosi walizikwa, yeye na mwanawe.

Jumatatu Vaileth alifungua orodha. Lulu: mia na kumi kwa sabini, buheri wa afya. Akafungua daftari. Ukurasa wa mwisho ulisema mia na sitini kwa mia na kumi.

"Shikamoo, Bi Sihaba. Daftari hili uliliingizaje?"

"Marahaba. Nilianzia nyuma, mwanangu, nikarudi mbele. Nilisema yale mapya yatangulie, wenyewe wasije wakachelewa kuitwa." Akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Na Lulu nilimwambia asubiri, kompyuta itamwita."

Vaileth akarudi kwenye kompyuta. Kumbe kilichoingia mwisho ndicho kilichokuwa cha zamani kuliko vyote, cha siku zile mimba ingali changa. Tarehe za kupimwa zilikuwa pale pale kwenye jedwali, safu ya tatu, wala hakuwahi kuzitazama. Alijichukia, na hakuwa na wa kumsingizia. Akabadilisha mstari mmoja tu: badala ya namba ya kuingizwa, tarehe ya kupimwa. Ilimchukua dakika mbili. Majina manne yakageuka mekundu, na ujumbe ukajituma wenyewe kabla hajakumbuka kuuzuia. Jina la kwanza lilikuwa la Lulu.

Haikupita robo saa, simu ya zahanati ikaita. Alikuwa Bi Mgeni, mama yake Lulu, akipiga kutoka matangani. Sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Vaileth zaidi.

"Simu ya marehemu imelia, binti. Imesema Lulu afike zahanati leo hii, asikawie. Sasa yeye hawezi. Nije mimi?"