Sebule Iliyomeza Maneno

"Kumi," baba alisema, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Msemaji wa wakwe hakuwa ameuliza habari ya ng'ombe. Aliuliza kama dada yangu Glodie mwenyewe ameridhia ndoa. Mara mbili baba alikuwa ameomba swali lirudiwe. Mara ya tatu aliona haya, akabahatisha. Glodie, aliyesimama mlangoni, akajifunika uso kwa kitenge.

Nyumba ilikuwa yangu, mpya, hapa mtaa wa Bigo. Niliijenga kwa majivuno: vigae vinavyong'aa kama maji, dari ya zege, madirisha mapana yasiyo na pazia ili wapita njia waone. Kikohozi cha mtu mmoja kilizunguka kuta zote nne kabla ya kufa. Mimi niliona huo ndio ukubwa.

Basi nikasimama. "Musimusumbue muzee," nikawaambia wageni. "Masikio yake ilishakufa. Museme na mimi."

Wakageuza viti. Nikamwoza dada yangu, baba yetu akiwa hai, ameketi hatua mbili tu kutoka kwangu, akikunja na kukunjua ukingo wa kofia yake.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena sebuleni. Alibeba kiti chake hadi nyuma ya nyumba, akawa anachambua maharage na mke wangu Rébecca. Nilijiambia kwamba wazee hupenda jua.

Miezi sita baadaye alikuja Fiacre, mwalimu wa kwaya yetu, tupange nyimbo za Pasaka. Kabla hajaketi alipiga kofi moja. Sauti ikaruka ukutani, ikarudi, ikaruka tena.

"Willy, salon yako inameza maneno," akasema. "Muzee yeyote akikaa humu hatasikia kitu. Hata mimi nakusikia nusu-nusu. Weka tapi, weka rido ya nzito. Ukuta iko uchi."

Nikaikumbuka ile kumi ya baba.

Nilitandika zulia, ukuta kwa ukuta. Rébecca akashona mapazia mazito yenye mikunjo mingi. Tukasukuma kabati la vitabu kwenye ukuta mtupu, na ule wa mkabala tukautundikia mikeka. Nikapiga kofi, likafa palepale.

Kisha nikamwita baba, nikamketisha akiwa amenipa mgongo. Nikasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa, nikuwekee sukari kwa chai?"

"Kidogo tu," akajibu bila kugeuka.

Nikaja mbele yake. "Papa, ile siku ya wakwe..."

"Ile siku sikusikia maneno ya wageni," akasema polepole. "Yako nilisikia."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ningepata la kujitetea. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akasifu ushonaji wa Rébecca, akainuka.

"Unaenda wapi, Papa?"

"Kwa kazi yangu."

Nilibaki peke yangu katika ule ukimya nilioutengeneza kwa mikono yangu. Baadaye nikajikaza, nikatoka nyuma. Viti vilikuwa viwili tu, chake na cha Rébecca. Nikachuchumaa kati yao. Baba hakunitazama. Aliusogeza ungo kidogo upande wangu, kisha akaendelea kumsimulia mke wangu habari ya ndama aliyempotea utotoni, nami nikaanza kutoa mawe kwenye maharage.