Farasi Hawasubiri Neno Refu

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Kama nimelitia chumvi hata punje moja, kaa weusi wote wa kisiwa hiki cha Providencia na washuke mlimani waninyang'anye kitanda.

Nubia Cifuentes alizaliwa Tolima, bara huko Kolombia, mahali ambapo bahari huonekana kwenye kalenda tu. Akaolewa kisiwani kwetu na Ransel Newball, kijana mpole, naye akaja na Kiingereza chake kama mgeni anavyokuja na zawadi. Bahati mbaya, kisiwani watu wamezaliwa na Kiingereza, wanakitafuna watakavyo, na zawadi ile ikapokewa kwa vicheko. Kilitoka kwenye kitabu kinene. Kilikuwa kimepigwa pasi, kimefunga tai, na kilibisha hodi hata kwenye mlango uliokuwa wazi.

Kitu kimoja Nubia alikitaka kuliko vyote: kipaza sauti cha ufukwe wa Southwest.

Siku za mbio, farasi wawili hukimbia mchangani toka kwenye kamba hadi kwenye bendera, na nusu ya watu hawaoni kitu. Wengine wako chini ya miti wanakoroga masufuria, wengine wamezibwa na migongo ya wenzao. Macho yao ni mtangazaji. Tangu zamani mtangazaji alikuwa mzee Cleofas Newball, baba mkwe wa Nubia, mpaka sauti ikamkauka. Ransel naye akikiona kipaza sauti hukimbia kuliko farasi. Basi ama Nubia akishike yeye, ama kihamie kwa akina Hawkins, na jina la Newball linyamaze ufukweni.

Alijaribu. Akapanda juu ya pipa, akakohoa kidogo, akaanza kueleza kwa Kiingereza chake cha tai kwamba mnyama aliye upande wa bahari alikuwa akiongeza mwendo kwa kiwango cha kuridhisha. Kabla hajalimaliza hilo neno la kuongeza mwendo, farasi walikuwa wameshafika, wameshaogeshwa baharini, na mmoja alikuwa anatafuna majani akimtazama kwa huruma.

Ufukwe mzima ukaangua kicheko.

"Dada wa bara!" Orvel Hawkins akapaza sauti, tumbo likimtikisika. "Hayo ni matangazo au ni wosia wa marehemu?"

"Nipe mbio moja nyingine," Nubia akasema, uso umemwiva.

"Nakupa. Jumamosi ijayo farasi wangu Gobernador anakimbia na yule jike wenu, Molasi. Watu wakikusikiliza toka kwenye kamba hadi kwenye bendera, kipaza sauti ni chako mpaka uzeeke. Lakini akiondoka mtu mmoja tu, mmoja, kabla ya bendera, nakichukua mimi. Umesikia, shangazi wa kamusi?"

"Nimesikia."

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Bi Virgie, jikoni mbele ya beseni la kaa. Bi Virgie alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Nani alikufundisha kusema vile, mwanangu? Hakimu?"

"Kitabu, mama."

"Kitabu hakijawahi kuunguza wali. Kaa hapa. Chambua kaa, na usinyamaze. Kwetu mdomo ukisimama, mkono nao husimama."

Hivyo ndivyo wanawake wa Providencia wanavyochambua kaa: gamba linavunjika, neno linatoka, nyama inatoka, neno linaingia. Ukitafuta neno refu, gamba linakukata kidole. Siku ya kwanza Nubia alikatwa mpaka akafanana na mtu aliyepigana na paka.

Kisha akaanza kusikia. Mle jikoni hakuna aliyezima moto kwa neno refu la kitabuni. Walichukua kitenzi kidogo cha kila siku, wakakibandika mkia, wakaenda zao. Waswahili wana "piga" yao: wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga mswaki, na hakuna anayeumia. Kisiwani tuna "put". Bi Virgie aliuzima moto, "put out". Akaivumilia tabia ya mumewe, "put up with". Akaahirisha kwenda kwa daktari, "put off". Akaziweka sahani kabatini, "put away". Na yote hayo kabla sufuria halijachemka.

"Get down!" alimwambia paka aliyepanda mezani. "Get up!" alimwambia Ransel aliyelala. Jirani akipita mvua inakuja: "Get in, usije ukalowa!" Hata mchungaji alipokuja kuombea chakula na sala ikarefuka, Bi Virgie alifumbua jicho moja akamnong'oneza, "Get on with it, mchungaji, kaa wanapoa."

Nubia akacheka mpaka akasahau kuogopa. Akaanza kujibu. Mwanzoni mikia ilimponyoka, akaiokota, akaibandika tena. Kufika Ijumaa vidole vyake vilikuwa vizima, beseni limejaa nyama, na Bi Virgie alikuwa amenyamaza ili kumsikiliza yeye.

Jumamosi ikafika, watu wakafurika. Orvel, mjanja, alikuwa amempanga shemeji yake Teddick akae mbele kabisa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuondoka.

Kamba ikaanguka.

"They're off!" Nubia akalia, na masufuria yakaachwa. "Gobernador anachomoka, pulls away! Molasi anabaki nyuma, drops back, jamani anabaki!"

Teddick akasimama, akavaa kofia, akageuka, akaanza kuondoka taratibu kama mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi. Nubia akamwona. Mdomo haukusimama.

"Hold on! Hold on! Molasi anaingia majini! Maji yanamfika magotini, anarudi mchangani... anakuja! Catching up!"

Masikio ya Teddick yakageuka nyuma kabla ya kichwa chake. Kisha kichwa. Kisha akawa anatembea kinyumenyume.

"Teddick! Nenda zako!" Orvel akafoka.

"Ngoja kwanza, bwana! Amemfikia?"

"Amemfikia!" Nubia akajibu toka juu ya pipa. "Shingo kwa shingo! Gobernador anachoka, giving out! Don't give up, Molasi, come on, mama, come on!"

Teddick akatupa kofia, akarudi mbio sambamba na farasi, akipiga kelele za jina la Molasi mbele ya shemeji yake mwenyewe. Molasi akapita bendera kwa urefu wa pua. Vikongwe wakarushiana miiko. Mzee Cleofas, asiye na sauti, alipiga mkongojo wake kwenye pipa mpaka pipa likabonyea, na Bi Virgie akawa anauliza kila mtu, "Mmemsikia mwanangu? Mmemsikia?"

Hakuondoka hata mtu mmoja.

Orvel akaja akiwa amevua kofia, akaokota kipaza sauti alichokiangusha Nubia kwa furaha, akamwinulia kwa mikono miwili.

"Chukua, shemeji," akasema. Safari hii hakumwita dada wa bara. "Lakini Teddick leo halali kwangu."

"Mwambie aje kwetu," Nubia akasema ndani ya kipaza sauti, kisiwa kizima kikasikia. "Get in, Teddick, kaa wanapoa!"

Naye Molasi, aliposikia sauti ile, alirudi peke yake toka kwenye bendera, akapiga magoti mbele ya pipa, na mawimbi ya Southwest yakasimama kimya kwa heshima...

"Mawimbi yalifanya nini?"

Bi Virgie huyo, amesimama mlangoni pa baraza lake, hapa ninaposimulia hadithi hii.

"Yalipungua kidogo, Bi Virgie."

"Molasi alikwenda kula majani. Na bahari siku ile iliwamwagia watu mchuzi. Huyu hapa Nubia, muulize."

Nubia anacheka, hanitetei. Na barazani hapa mwongo akikamatwa hakuna rufaa: adhabu yake ni kukuna nazi za rondón, mchuzi wetu wa samaki na tui, kwa nyumba nzima. Basi niacheni. Nimeshakalia mbuzi, nazi mbele yangu ni kilima, na Teddick anazidi kuleta nyingine.