Misukumo Kumi ya Kuamsha Mpira

Kuramochi, msimamizi wa vipimo, hakuipenda picha ya pedi ya mpira aliyoichora Nonomura ubaoni: springi moja, ubavuni mwake shokapu, zote mbili zimefungwa katikati ya vibao. Binti mwenyewe alikuwa na miezi mitano tu kiwandani, na hesabu zake zilisema vipimo vya Kuramochi si vya kweli.

"Nimeukata mpira huu miaka ishirini na sita," Kuramochi alisema. "Sijawahi kukuta springi ndani."

"Haimo, mzee. Ila mpira unatembea kama vile imo. Springi inataka kurudi ilikotoka. Shokapu inaukawiza mwendo, kama kile kibomba cha juu ya mlango kinachouzuia usijibamize. Ukizijua hizo mbili, unajua jengo litayumba vipi."

"Mbona basi picha yako haikubaliani na mashine?"

"Hilo ndilo linaloninyima raha. Kwenye baridi ya nyuzi sifuri, hesabu inasema pedi itakuwa ngumu kupita kiasi. Wewe umeandika laini. Bwana Orihara kasema nisipoeleza hadi Ijumaa, nikauze tambi stesheni."

Pedi themanini za aina hiyo zilikuwa zimeshafungwa kwenye kuta za hospitali moja kaskazini, kwenye theluji, ili tetemeko likija zimeze mtikisiko; pedi ngumu ingeupitisha moja kwa moja hadi kwenye jengo. Jumatatu mafundi wangeziba kuta.

"Na hiyo shokapu yako ikishameza nguvu, inaipeleka wapi?" Kuramochi aliuliza, kumchokoza tu.

"Inaigeuza joto. Ukiisukuma pedi mfululizo, inapata moto, inalainika."

Kuramochi aliweka kikombe chake cha chai chini taratibu.

Kila pedi iliyotoka kwenye friji la vipimo, yeye aliisukuma mara kumi kabla ya kuwasha kalamu ya mashine, ile inayochora mstari wa ugumu. Alifundishwa hivyo na msimamizi aliyemtangulia: mpira ukitoka kwenye baridi una kisirani, uamshe kwanza. Hakuna karatasi iliyosema hivyo, wala hakuna aliyewahi kuuliza. Yeye aliona ndio ufundi wenyewe. Mistari yake ilitoka safi kuliko ya mtu yeyote kiwandani.

Angenyamaza, Ijumaa binti angeondoka, Jumatatu kuta zingezibwa, naye angestaafu na jina lake zuri. Aliliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Kamwite Orihara," akasema mwishowe.

Orihara, mkuu wa kiwanda, alikuja akitafuna, chakula cha mchana bado mdomoni. Kuramochi alitoa pedi kwenye friji, akaifunga kwenye mashine, na safari hii akawasha kalamu kabla ya msukumo wa kwanza. Mstari ukapanda, ukavuka alama nyekundu ya ugumu wa mwisho unaoruhusiwa.

"Mashine imekufa?" Orihara akauliza.

"Nzima. Subiri."

Kufikia msukumo wa kumi mstari ulikuwa umeshuka chini ya alama, safi kabisa.

"Hapa ndipo huwa naanza kuandika," Kuramochi alisema.

Orihara aliacha kutafuna. "Una wazimu wewe? Tetemeko litakusubiri usukume mara kumi?"

"Ndiyo maana nimekuita."

Orihara alipiga simu hospitalini kwa mafundi. "Simamisheni. Hapana, zote. Na pedi mlizokwisha kufunga, zitoeni." Alikuwa akiinama tena na tena kuomba radhi, mbele ya ukuta mtupu.

"Nisamehe, mzee," Nonomura alinong'ona.

"Nikusamehe nini? Si umepatia?" Sauti ilimtoka kwa ukali asioukusudia.

Orihara akakata simu. Hakumtazama. "Hospitali ni moja. Majengo mengine je?"

"Mangapi?"

"Unaniuliza mimi? Yote uliyoyapimia pedi, Kuramochi!"

Kuramochi alifungua kabati la mafaili. Yalijaa kuanzia juu hadi sakafuni, na kila ukurasa ulikuwa na muhuri wake mwekundu. Akapiga magoti.

"Tuanze na ya kaskazini," akasema. "Kule kunaganda mapema."